Ukuta wa Jikoni kwa Mama Rehema

Jumatatu, 12 Mei
Pugu tena. Mvua, matope hadi ndani ya viatu. Tumevuta waya vyumba vyote, mwenzangu Sele anasukuma, mimi navuta, sabuni kidogo ziteleze. Vizuri tu mpaka jikoni. Hapo zikagoma. Saruji imeingia kwenye bomba la kupitishia waya. Nikasema tubomoe kidogo. Shomari, msimamizi, akakataa, vigae vimeshabandikwa. Akazishika mwenyewe, akavuta kwa nguvu zote. Zimetoka zimechubuka, shaba inaonekana. Kwa hasira wali sikuula.

Jumanne, 13 Mei
Nimepima. Umeme unavuja ukutani. Ncha za waya za soketi ya jikoni sikuziunga. Nimezifunga tepu.

Alhamisi, 15 Mei
Shomari kaziunga mwenyewe. Tulipowasha, breka ya usalama, ile inayojikata umeme ukivuja, ikajikata. Akawasha, ikajikata tena. Nikafurahi, nikajua sasa atabomoa. Mjinga mimi. Narudi kutoka kula, nakuta kaiondoa, kaunga waya moja kwa moja. Sasa umeme haukatiki hata ukivuja.

Ijumaa, 16 Mei
Nimemwambia mwenye nyumba. Mama Rehema ni mjane, kila asubuhi anatuletea chai na maandazi. Nikamwonyesha ukuta, nikamwambia utakuja kumuua. Akampigia Shomari palepale. Kumbe ni shemeji yake, mdogo wa marehemu. Alipokata simu alinitazama kwa huruma.
"Mwanangu, shemeji anasema we muoga tu. Na umeme haukatiki tena, si ndo vizuri?"
Jioni Shomari kanifukuza. Nimelia njiani, watu wananiangalia.

Jumatano, 28 Mei
Nimekwenda kumsalimia Mama Rehema. Ameshahamia. Nilimkuta jikoni anaosha vyombo, miguu mitupu, sakafu imelowa. Nikampa shikamoo. Nikagusa vigae kwa mgongo wa mkono, kama tulivyofundishwa, ili ukirushwa na umeme mkono urudi wenyewe. Vinatekenya. Nikamwomba azime swichi ya jikoni. Akauliza, na friji je? Nikamrudia yote, tangu kuchubuka kwa waya. Akasema atamwuliza shemeji, akanimiminia chai.
Nilikuwa nimembebea ndala za mpira, nzito. Nikamsihi azivae humo jikoni kila akiingia, mpira haupitishi umeme. Kafurahi sana, kanibariki mpaka nikaona aibu. Halafu kazifuta vumbi, kaziweka kabatini. Anasema ni nzuri mno kwa jikoni, atavaa akienda shughulini.