Mechi ya tano

Tavian, msimu wangu umeisha. Kano ya goti imechanika.

Unajua nilikuwa nimecheza mechi nne tu. Kocha Brubaker aliniambia, "Ukiishia hapo, mwaka huu hautahesabiwa, utabaki na miaka yako yote minne ya kuchezea chuo."

Nikambembeleza aniingize ya tano kwa sababu mama alikuja kutoka mji wa Mobile kunitazama. Kocha akauliza, "Goti vipi?" Nikamwambia zima kabisa. Tavian, lilikuwa limevimba tangu Alhamisi.

Zima kabisa, ndivyo nilivyomwambia.

Nikaingia, sikumaliza hata dakika moja. Mwaka nao umehesabiwa.

Hospitalini mama akamfokea kocha mbele ya wauguzi, "Kwa nini ulimwingiza mwanangu?"

Kocha akanitazama. Akasema, "Nisamehe, mama. Kosa ni langu."

Mimi nikafumba macho, nikajifanya dawa zimenilaza.