Sauti ya Ng'ambo ya Korongo

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Sigino tu wazima. Mama yako amemaliza kuvuna maharage, na yule ng'ombe mwekundu amezaa jike.

Uliniuliza kwenye simu kuna ubaya gani kuchati na rafiki usiyewahi kumwona, maana huko chuoni Dodoma huna mtu. Nilikata simu kwa sababu niliogopa. Hata sasa naogopa.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili niliamia ndege kwenye mtama wetu, peke yangu kutwa nzima. Watoto wa mashamba mengine waliitana, lakini letu lilikuwa mbali. Siku moja nilipopiga kelele za kufukuza ndege, sauti nyembamba ikanijibu kutoka ng'ambo ya korongo. Nilifurahi mno! Tukawa tunaitana kila siku. Nikaiambia jina langu. Nikaiambia pia kwamba baba kasafiri.

Ndipo ikasema, "Shuka korongoni, nina miwa."

Nilishuka. Mtoto sikumwona. Niliona nyayo za viatu vikubwa vya mtu mzima kwenye matope, maji ndiyo kwanza yanaingia ndani yake. Nilikimbia hadi nyumbani, na sikumwambia mtu.

Unasema Jumamosi utaonana na huyo rafiki yako. Usiende, mwanangu. Panda basi uje nyumbani.

Kesho yake, baada ya kuziona zile nyayo, ile sauti iliniita tena, kwa jina langu. Nilishajua kwamba si mtoto. Na bado, Neema, niliitika.

Bibi yako