Tikiti za Walioondoka

Jumatano, 1 Novemba

Nimechoka. Joto la Brisbane asubuhi, bosi Lachlan mchana. Kanipigia kutoka makao makuu Melbourne, sauti tamu kama asali: ghala letu la pampu linapunguza mtu mmoja. Merv. Miaka ishirini na saba, basi! Msimamizi wake ni mimi, kwa hiyo wa kumwambia ni mimi, ana kwa ana. Barua ya kumwachisha kazi niipange kwenye mfumo wa kompyuta, itoke yenyewe Jumanne baada ya mbio za farasi za Kombe la Melbourne. Eti tusimharibie sikukuu yake. Huruma hiyo!

Halafu, kama vile amekumbuka tu, akauliza karatasi zangu za ukaazi zimefikia wapi. Anayezitia sahihi ni yeye. Mwenye macho haambiwi tazama. Nikasema sawa.

Alhamisi, 2 Novemba

Merv amebandika ubao wake wa Kombe. Farasi ishirini na wanne, sisi kumi na mmoja — kila mtu ataokota tikiti mbili za farasi kutoka kwenye kofia yake kuukuu, na mwenye farasi mshindi anakula pesa za wote. Zinabaki mbili. Hizo ni za sehemu ya chini ya ubao, WALIOONDOKA: moja ya Noelene aliyestaafu, moja ya Des.

Tegan wa mapokezi, mgeni bado, akashangaa. "Mzee, Des si marehemu? Akishinda je?"

"Akishinda Des, pesa anakula mjane wake," Merv akasema. "Mwanangu, ofisi inaweza kumwacha mtu. Kofia haimwachi."

Watu wakacheka. Mimi nikaangalia sakafu.

Juu ya ubao kaandika kwa wino mwekundu: MBIO SAA NANE, SI SAA TISA! Melbourne husogeza saa mbele msimu wa joto, sisi Queensland hatusogezi, na kila mwaka kuna mtu anafika kwenye sherehe watu wanakusanya sahani. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa mimi. Merv alinitania mpaka Krismasi.

Nilimfuata ghalani nimwambie. Nikaishia kuomba gundi.

Jumamosi, 4 Novemba

Nimekwenda mpaka kwao. Nimekula kiapo njiani: leo namwambia. Nikamkuta sebuleni anapiga pasi tai ya kijani, ile anayoivaa siku moja tu kwa mwaka. Mkewe Glenys akaleta chai. Akaniuliza mama hajambo huko Valparaíso? Nikasema hajambo. Merv akauliza kofia ya kasuku bado ninayo?

Ninayo. Miaka sita iliyopita nilikuja ofisini siku ya Kombe kichwa wazi, sijui kitu, wenzangu wote wamejaa manyoya na maua kichwani. Yeye akaingia ghalani, akatoka na kofia ya mkewe yenye kasuku wa plastiki, akanivika. "Haya, sasa umekuwa mtu!" Nilikuwa sijacheka tangu nishuke kwenye ndege.

Nimerudi na mfuko wa matunda ya pasheni. Neno sijalitoa. Mimi ni mwoga, na niandike hivyo hivyo.

Jumatatu, 6 Novemba

Barua nimeipanga. Kesho, saa nane u nusu. Nusu saa baada ya mbio. Nitamwambia asubuhi kabla ya kofia kuzunguka. Nitamwambia tu.

Jumanne, 7 Novemba

Naandika nikiwa chooni ofisini. Saa saba na dakika hamsini. Kasuku kichwani.

Asubuhi sikumwambia. Alikuwa anamenya kamba wa baharini, anaimba. Nani angeweza?

Na ilikuwa siku nzuri! Hilo ndilo linaloniuma. Kamba kwenye barafu, mkate wa kuku, mvinyo wa mapovu kwenye vikombe vya plastiki. Tegan na manyoya ya waridi hayapiti mlangoni. Merv na tai yake, anazungusha kofia, anamtania kila mtu kwa farasi aliyemwangukia: "Huyo wako, dada, anakimbia kama ameitwa kuosha vyombo!" Nilicheka. Kwa dakika kumi nzima nilisahau.

Saa saba u nusu simu yangu ikalia. Nakala ya barua.

Nikadhani macho yananidanganya. Kisha nikaelewa. Mfumo unakwenda kwa saa ya Melbourne! Saa nane u nusu yao ndiyo saa saba u nusu yetu. Miaka sita nawacheka wageni kwa kosa hili, na lile tangazo jekundu liko mbele ya pua yangu siku tano!

Nikainua macho. Merv alikuwa anapapasa mfuko wa koti. Akatoa simu. Akatafuta miwani. Sikungoja. Nikakimbilia huku, na sasa ni dakika ishirini.

Namsikia mtangazaji kwenye televisheni. Farasi wanaanza kupangwa.

Hatua. Merv amebisha mlango.

"Ximena. Toka, mwanangu, wanaingia langoni."

Naendelea kuandika.

"Tikiti zako nimekuchukulia. Namba tisa na namba kumi na saba. Kumi na saba si mbaya."

Sauti yake ni ile ile. Haina hasira. Heri angefoka!

"Zangu nimezibandika kule chini," akasema. "Na Des na Noelene."

Nikasema, Merv, nilitaka kukwambia. Tangu Jumatano nilitaka.

Huko nje wanapiga kelele, Tegan anaita, "Mzee! Wanatoka!" Viatu vyake naviona chini ya mlango. Vimepigwa rangi jana, vinang'aa. Mbio zimeanza, na havijaondoka.