Ndama wa Ulaya

Faza, Kisiwa cha Pate,
Jumatano, 2 Machi 1966

Kwa Kaka yangu mpendwa Hudson,

Pokea salamu zangu za mapenzi na heshima, wewe pamoja na shemeji Roselyn na watoto. Natumaini kile kikohozi chako cha tangu Krismasi kimekwisha, na kwamba shemeji bado anakukataza sigara, maana mimi hunisikii. Mama ameniandikia kwamba kule nyumbani mvua imechelewa lakini mbuzi mweupe amezaa pacha. Mimi ni mzima wa mwili. Kabla hujaendelea, Kaka, nakuomba jambo moja: huyo aliyekuletea barua hii mpe kiti, mpe chai, wala usimwache aondoke hata akisema ana haraka. Sababu utaiona mbele.

Unaikumbuka ile pikipiki kuukuu ya Kiingereza uliyonicheka nilipoinunua. Ilikuwa na kiti kirefu cha kukaa wawili, na hicho ndicho kilichoniletea balaa. Kila nikitoka hapa kwenda Siyu kuandikisha watoto wa shule, hapakosi mtu wa kunisimamisha njiani. Huyu ana kapu la papa mkavu, yule ana jogoo, na mmoja alitaka kunipakilia mbuzi, kisha akaniuliza kwa nini nimenuna. Juu ya hayo njia yenyewe ni mchanga na mizizi, nikifika nashuka nimejipinda kama mzee. Basi nikaona gazetini tangazo la mzungu mmoja wa Nakuru aliyekuwa akiuza vitu vyake arudi kwao: kiti cha pikipiki, cha ngozi, cha mtu mmoja, chenye springi mbili nyuma. Nikasema hicho ndicho dawa yangu.

Kilifika mwezi wa Oktoba kwa mashua ya Amu. Chuma chake kilikuwa kizima na ngozi nzuri ajabu, ila nyuzi zote zimeoza. Fadhil, tarishi wetu hapa ofisini, akanielekeza kwa Husseini wa Siyu, mshona makubadhi. Ni mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, anaishi na mamake, Bi Tima. Hajawahi kushona kiti cha pikipiki maishani mwake, lakini alikizunguka mara mbili, akakibonyeza springi, akasema kitu kikishonwa na binadamu hushoneka tena na binadamu.

Tulifanya kazi siku mbili uani kwake. Nati za kiti cha zamani zilikuwa zimeshikwa na kutu ya chumvi, tukazimwagia mafuta ya taa na kungoja. Matundu ya springi hayakulingana na ya fremu, ikabidi fundi wa mashua atutobolee kipande cha bapa la chuma. Ngozi Husseini aliilowesha, akaivuta juu ya chuma, na kwa kuwa mikono yake miwili ilikuwa na sindano na uzi, ukingo wa ngozi aliushika kwa meno. Hivyo ndivyo wanavyofanya wote kule. Uzi nao aliulainisha kwa mate, kila mshono.

Katikati ya kazi alisita. Alipitisha kidole juu ya ngozi akaniambia vinyweleo vyake vimekaa vitatu vitatu, na yeye ameshika ngozi ya ng'ombe, ya mbuzi, hata ya ngamia, hajaona hivyo. Akauliza, "Hini ni ngozi ya nini, Bwana Karani?" Nikamjibu ni ndama wa Ulaya. Akacheka, akasema kumbe hata ndama wao ni tofauti, akairudisha ngozi menoni.

Pembeni mwa kiti kulikuwa na masikio mawili marefu ya ngozi yaliyosugua magoti yangu. Aliyakata, akaniomba ayachukue, nikampa. Kiti kikakaa vizuri sana, Kaka. Ukipita kwenye mizizi springi zinakupokea, wala huhisi kitu. Husseini alitangaza Siyu nzima kwamba Bwana Karani anakalia ndama wa Ulaya, watu wakanisalimia kwa jina hilo. Habari za mbuzi na jogoo zikaisha. Lakini na yeye, ambaye ningeweza kumpakia nyuma nikija naye Faza, sasa alikuwa akija kwa miguu, akinitania kwamba amejishonea mwenyewe mashaka yake.

Mwisho wa Desemba niliugua malaria, na mfungo wao ulikuwa umeanza. Husseini alikuja Faza akakaa kwangu siku nne. Yeye hatii hata tone la maji mdomoni mchana kutwa, na ni yeye aliyenipikia uji na kuninywesha kwa kijiko. Nilipotapika alinifuta. Sina rafiki mwingine katika visiwa hivi, na sidhani nimewahi kuwa na rafiki kama huyo popote.

Baada ya Idi alinipa habari kwamba mwaka huu, Mungu akipenda, anakwenda kuhiji na mamake. Miaka kumi na mmoja ya kushona makubadhi imo katika safari hiyo. Alifurahi hata akawa kama mtoto. Kisha akanionyesha mkanda aliojishonea, wa kuvaa juu ya ile shuka nyeupe ya Hija na kutia pasi na nauli, una mifuko miwili na nakshi za Siyu. Alikuwa ameunganisha yale masikio mawili ya ngozi.

Wiki hiyohiyo mbwa alilamba sufuria hapa ofisini, na Fadhil akaiosha mara saba, moja kwa udongo. Nikamuuliza kama mchezo, je, angekuwa nguruwe? Akasema ni vilevile, maji mara saba na moja ya udongo, unatoharika, yamekwisha. Kaka, nilikwenda nikaketi peke yangu. Maji na udongo tu! Mimi nilidhani ni jambo lisilo na dawa.

Sasa umekwisha kuelewa. Ndani ya sanduku la mzungu mlikuwa na karatasi ya Kiingereza, imeandikwa wazi kwamba ni ngozi halisi ya nguruwe. Usidhani niliiona baadaye. Niliisoma siku ileile ya kwanza, hata kabla ya kwenda Siyu, nikaikunja nikaitia mfukoni. Niliogopa asingekubali kuigusa, na mimi nilikitaka kiti changu. Aliponiuliza, ngozi ile ikiwa imetoka tu mdomoni mwake, karatasi ilikuwa mfukoni mwangu. Nikamtazama usoni nikasema ndama. Tangu siku hiyo anasali mara tano kwa siku na kinywa kile.

Nimejaribu kumwambia, Mungu anajua. Nimekwenda Siyu mara sita. Nikifika Bi Tima hunipa kahawa na tende na kuniita mwanangu, nami hunywa, nikashukuru, nikaondoka. Nilimwendea Barka mshona nguo akanishonea mkanda wa turubai, nikampelekea Husseini kama zawadi, nikasema ni mwepesi zaidi kwa safari. Alinishukuru sana. Akamfunga mamake ule wa turubai, akaniambia, "Mimi nitafunga hunu wa kiti chako. Kila nikiugusa nitakukumbuka, na Arafa nitakuombea." Nilirudi Faza nikiisukuma pikipiki. Sikuweza kuikalia.

Kesho asubuhi wanaondoka hapa kwa mashua, na meli yao inatoka Kilindini Jumanne. Barua ya posta haitakuwahi, na mimi nikisimama mbele yake najua nitasema ndama tena. Mwoga ni mwoga, Kaka. Kwa hiyo nimemwambia nina ndugu Changamwe ambaye hana budi kupata barua hii mkononi kabla meli haijaondoka. Husseini anasoma Kiarabu, herufi zetu hazijui. Ameapa ataileta mwenyewe, na ili isilowe ameitia ndani ya ule mkanda.

Huyo aliyeketi mbele yako na kikombe cha chai ndiye yeye. Mwambie yote, polepole, na mamake asiwepo. Shemeji Roselyn amtayarishie ndoo ya maji na udongo safi, na umnunulie mkanda mwingine. Asipotaka kunywa tena chai yako usimlaumu. Na tafadhali, usinitetee. Usimwambie nilikosea. Mwambie nilijua.

Kiti nimekifungua, fremu iko wazi. Akirudi salama nitakwenda Siyu kwa miguu, nikae nje ya mlango wake mpaka atakaponiambia niondoke.

Wasalimie wote, wabusu watoto, na unapomwandikia Mama mwambie tu kwamba sijambo. Mungu akulinde, akupe maneno ambayo mimi nimeyakosa.

Ni mimi mdogo wako,
Crispus