Ni Wewe au Ni Pini?

Chumba cha Ushonaji,
Ghorofa ya Kwanza,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
14 Julai

Mpendwa Shemeji,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kukimbia dawa? Mke wako na mapacha je? Sisi tunaendelea, ila kichwa changu kimevurugika, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kaka yako alipasuliwa koo mwezi wa tatu. Uvimbe ulitolewa, sauti nayo ikaenda. Hospitali wakampa kidude cha majaribio, kidogo kama harage, kinakaa nyuma ya sikio. Akitamka neno kimyakimya, kidude kinahisi misuli ya taya, kompyuta inakisia neno, halafu simu inalisema. Alikifundisha wiki tatu nzima, sentensi moja mara hamsini. Sasa mume wangu anaongea kama kijana wa taarifa ya habari. Akiniita "mke wangu" nageuka kuangalia nani ameingia.

Shida ni pini. Unamjua, hapindi nguo bila pini sita midomoni. Kidude kinadhani anasema! Juzi amepiga magoti, anamrekebishia mwalimu mkuu sketi, mara simu ikatangaza, "Ng'ombe huyu hanywi maji." Mwalimu hajarudi mpaka leo.

Nikamwambia akivue akiwa kazini. Akatoa pini, simu ikanijibu, "Bila pini sishoni, bila hiki sisemi. Unataka nini?" Hata mimi sijui nataka nini.

Sasa sikiliza. Jumatatu, pini zikiwa mdomoni, simu ilisema, "Mwite mdogo wangu." Mkasi ukanidondoka. Tangu mlipogombania cherehani ya marehemu baba ni miaka tisa, na hutajwi humu ndani. Nikamuuliza, "Ni wewe au ni pini?" Akainua mabega, akaendelea kupinda. Kiburi chake unakijua.

Nikikuita ufunge safari, kumbe zilikuwa pini, mtaumizana upya na lawama ni zangu. Nikinyamaza, je, kama ni yeye? Daktari hataki kuahidi kwamba uvimbe hautarudi. Naogopa, Shemeji, sikufichi.

Nisalimie mke wako, mapacha, na shangazi yenu mpishi wa shule. Mwambie magoti ayapumzishe.

Nilikuwa nafunga barua hapo. Sasa hivi kaka yako ametandaza kile kitambaa cha bluu anachokionea choyo, akaandika vipimo kwa chaki: kifua, kiuno, mkono. Nimepekua daftari la wateja, hayumo mtu wa vipimo hivyo. Kisha nikaona bega la kushoto limeshushwa nusu inchi. Nani mwingine ana bega hilo kama si wewe? Kidude amekivua, kiko mezani. Mdomoni hana hata pini moja.

Huenda umenenepa, huenda umekonda. Yeye anakata kwa vipimo ulivyoondoka navyo. Njoo ulijaribu koti lako.

Mungu akufikishe salama.

Ni mimi nikupendaye,
Mke wa kaka yako