Mafiga ya Zege

Jumatatu, 4 Julai 1977
Msomi amefika. Gaudensi, mtoto wa hapa hapa Kasense, sasa anafundisha uhandisi Chuo Kikuu. Barua ya mkoa inasema sisi wa Idara ya Ujenzi na chuo tushirikiane, majengo yaishe mapema na yasipasuke. Mimi fundi mkuu, miaka kumi na minne kwenye zege, nishirikiane na kijana mwenye daftari! Shikamoo amenipa vizuri, lakini. Amekuja na visanduku vitatu vya chuma. Tuvijaze zege siku ya kumwaga, yatoke matofali, tuyaloweke majini siku ishirini na nane, kisha yaende Mbeya kuvunjwa kwa mashine inayopima nguvu. Yaani tutengeneze ili tuvunje.

Jumamosi, 9 Julai
Tumemwaga zege la juu ya chumba cha kujifungulia, zahanati ya kijiji. Litabeba tangi la maji, si mchezo. Kijiji kizima kimetoka, ndoo mkono kwa mkono. Gaudensi alikwenda Matai kufuata mbao, akaniachia visanduku. Saa tisa saruji ikaisha, katikati ya chumba bado wazi. Stoo ilikuwa na mifuko minne iliyopigwa na unyevu tangu masika, imeganda. Nilijua haifai. Lakini zege halingojei, na watu wamesimama na ndoo. Nikatwanga mabonge kwenye kinu, nikachekecha, nikachanganya. Visanduku nikavijaza zege hilo hilo — hapo sikudanganya. Gaudensi aliporudi akauliza kazi imekwendaje. Nikasema salama.

Jumatano, 20 Julai
Upepo. Vumbi mpaka kwenye chai. Matofali yamo kwenye pipa uani kwa Bertilla, shangazi yake Gaudensi, maana kisima kiko kwake. Kila nikipita nachungulia. Yako matatu chini ya maji, yananingoja. Kijana ananionyesha mengi, siwezi kukataa: kumwagilia zege asubuhi na jioni, kuweka alama ya penseli na tarehe mwisho wa ufa, uone kama unatembea. Mimi nimemfundisha kusikiliza zege kwa nyundo. Anaandika kila ninalosema. Naanza kumpenda, ndiyo taabu yenyewe.

Ijumaa, 5 Agosti
Tumefuata matofali, lori la Mbeya linaondoka kesho. Pipa tupu! Bertilla hana habari, anakoroga pombe ya ulezi ya watu watakaopiga lipu. Chungu kimekaa juu ya mafiga matatu yaliyonyooka, meusi kwa masizi. Gaudensi: shangazi, hayo ni ya chuo. Bertilla akasema mawe yake hupasuka kila mwaka, haya yana kimo kimoja, chungu hakitikisiki. Na mtu anayetelekeza jiwe majini siku zote hizo, ana haja nalo gani? Wiki nzima anapikia. Yameungua, hayawezi kusema kitu tena.

Nilicheka mpaka machozi. Gaudensi naye akacheka. Hakujua mimi nacheka nini.

Jumapili, 7 Agosti
Nimesali na Wakatoliki, kanisa letu la Moraviani liko mjini. Sikusikia neno. Mbele yangu alikaa Zita, binti wa Bertilla, tumbo limeshuka. Mwezi ujao atalala chini ya zege langu. Naogopa.

Jumatatu, 8 Agosti
Nimemwambia Gaudensi. Si kwa mdomo — nilichukua daftari lake, mstari wa tarehe 9 Julai, nikaandika: mifuko minne iliyoganda, katikati ya chumba. Nikampa. Alisoma, akauliza: Kwa nini hukusema, mzee? Nikamuuliza, ungeniambia nini? Akasema, ningekuambia simamisha. Basi, hilo ndilo nililoliogopa.

Hakupandisha sauti. Akasema mashine haina kazi tena, tutaliuliza zege lenyewe: tulibebeshe uzito wa tangi likijaa. Uzito wa kutoa wapi? Tukaenda kwa mwenyekiti, mzee Kasimiri. Nikaungama na kwake. Akasema ulezi umeshavunwa, magunia thelathini yapo ghalani. Kwa hiyo mavuno yetu ndiyo yatakayokupima, fundi.

Alhamisi, 11 Agosti
Mirunda, miti inayoshikilia zege kwa chini, tumeishusha vidole viwili, ili likianguka lidakwe. Hakuna anayeruhusiwa chini ila mimi; nimeomba mwenyewe. Gaudensi yuko juu anapanga magunia, Kasimiri anahesabu kwa sauti. La kumi. Kimya. La kumi na nane. Zege limenung'unika? La, ni mbao. La ishirini na tano. Wamepumzika, wanakunywa pombe ya Bertilla. Naandika hapa chini, shingo inauma.

Pale katikati kuna mstari, mwembamba kama unywele. Asubuhi haukuwepo. Au sikuuona. Kwa watu wa juu hauonekani kabisa. Yamebaki magunia matano tu. Nikinyamaza yatapanda, na wiki ijayo zahanati inafunguliwa.

Nimepanda jukwaa la mbao humu chini, nimeweka alama ya penseli mwisho wa ufa, na tarehe. Nimemwita Gaudensi. Amelala chali kwenye mbao, pua karibu na zege. Ameomba penseli yangu, aandike kando ya tarehe: magunia ishirini na tano. Nimemwambia ngoja nimalize mstari huu.

Kasimiri anagonga kwa fimbo huko juu. Fundi, tuongeze?