Kicheko Ulichokisikia Ukiwa Nje ya Mahakama

Mpendwa mwanangu,

Marahaba! Najua hujaniamkia, na huko Mpanda ulikohamia huenda usiniamkie tena, lakini mzee mroho wa heshima hujipakulia mwenyewe. Jina lako silitaji, maana barua hii itasomwa na wengi. Niliishia darasa la nne, ila hilo nalijua.

Unakumbuka nilivyokudanganya kwamba babu yangu alibeba pembe hadi Bagamoyo huku tembo mwenyewe akimfuata nyuma, anaidai? Ulicheka hadi ukamwaga uji. Marehemu kaka akasema, "Huyu baba yako mdogo usimwamini hata akikwambia kumekucha."

Siku ya kesi ulishasema mbele ya hakimu yote uliyotendwa kwa nguvu, bila kuyumba. Mshtakiwa, yule mnunuzi wa tumbaku, akakana kukanyaga uani kwetu. Mimi ndiye niliyemwona akitoka mbio chumbani kwako, jua halijazama. Nilitakiwa kusema hilo tu, nikae.

Wakili wake Mzaramo. Mtani wangu!

"Nyie Wanyamwezi," akaanza, "mizigo ya kichwani iliwaharibu macho. Kweli ulimwona mtu?"

Ulimi ukaniwasha. "Nilimwona. Ana sura mbaya kama yako."

"Kwa hiyo tunafanana?"

"Mapacha! Mama yenu mmoja."

Karani akacheka, mshtakiwa akacheka. Hakimu hakucheka, aliandika.

Kesi ilikuwa ya faragha, wewe ukiwa nje kwenye benchi. Nilipotoka ukaniuliza, "Baba mdogo, walikuwa wanacheka nini?"

"Utani tu, mwanangu."

Ukainama, ukajifunga mtandio upya.

Yule mtu akaachiwa. Nilimtukana hakimu njia nzima hadi kwetu Chemchem. Kisha nikajiuliza: ningekuwa mimi, ningemfunga mtu miaka thelathini kwa mdomo wa mzee kama huyu? Shaka ikiwepo, faida yake ni ya mshtakiwa. Na niliyemkabidhi shaka hiyo ni mimi, mikono miwili, huku nikitabasamu.

Sasa kijiweni pa kahawa wanasema mahakama ilikuona mwongo. Ndiyo maana naandika wazi, wasome wote. Hukumu nilisomewa: hakimu hakusema popote kwamba uliongopa. Alisema shahidi wa pili hawezi kuaminiwa kwamba alimtambua mtu. Shahidi wa pili ni mimi. Mwenye hamu ya kumcheka mtu aje kwangu, nyumba anaijua. Wewe wakuache.

Msamaha siombi, aibu hainipi mdomo huo. Kaa kwa amani, mwanangu.

Baba yako mdogo